Mtoto wa ADHD asiyekula mchana: ninavyompangia chakula

Mwanangu ana ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kumakinika, na anatumia methilifenideti, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Tangu aianze, chakula ninachomfungia cha shule hurudi karibu kama kilivyoondoka. Nyanyake alidhani ni deko. Si deko. Dawa hii huongeza dopamini na noradrenalini ubongoni, na kemikali hizo zinazomsaidia kutulia darasani ndizo pia zinazopunguza njaa. Mtoto hasikii njaa kweli, kwa hiyo kumgombeza au kumshindilia tonge ni kumwonea.

Cha kufanya ni kukihamisha chakula kwenye saa ambazo dawa haijaanza kazi au imekwisha nguvu. Vidonge vya kawaida hufanya kazi kwa saa tatu hadi nne hivi. Vile vinavyoachilia dawa polepole, kama Concerta, huweza kufanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili. Muulize daktari mwanao amepewa vidonge vya aina gani, maana ratiba yote ya jikoni inategemea hapo.

Asubuhi ndiyo ninayoipigania. Namwamsha mapema, na kidonge hakitoki kabatini mpaka awe amekula akashiba: mayai na mahamri kwa mbaazi za nazi, au uji wa ulezi niliotia maziwa na siagi ya karanga. Chai ya rangi na mkate mtupu simpi saa hiyo, kwa sababu tumbo hujaa na mwili haupati kitu.

Mchana namfungia vitu vidogo tu, ndizi, korosho, yai la kuchemsha. Akila nusu, alhamdulillahi. Mwalimu nimemwomba asimlazimishe, amkumbushe tu kunywa maji.

Jioni njaa hurudi kwa kishindo, na mara nyingi hasira hutangulia kabla hajatambua kwamba ana njaa. Akitoka madrasa hukuta parachichi au viazi vitamu tayari mezani. Baadaye hula wali na samaki wa kupaka pamoja nasi, kisha maziwa kabla ya kulala. Na akija kuomba tena saa tatu usiku, nampa bila neno. Kwa mtoto huyu, usiku ni saa halali ya kula.

Uzito nampima mara moja kwa mwezi, mizani ileile, asubuhi, nguo nyepesi, naandika daftarini. Kumpima kila siku ni kujitia wasiwasi bure. Miongozo ya Uingereza inataka watoto wa miaka 10 kushuka chini wanaotumia dawa za ADHD wapimwe uzito kila miezi 3 na urefu kila miezi 6. Katika utafiti wa Marekani uitwao MTA, uliofuatilia watoto wenye ADHD, watoto walioanza dawa na kuendelea nayo kwa miaka 3 walikuwa wafupi kwa kama sentimita 2, na wepesi kwa kilo 2.7 hivi, kuliko wasiotumia. Si la kutisha, lakini ni sababu tosha ya kutoliacha daftari.

Kilo zikishuka, au zikikaa palepale miezi inapita, peleka daftari kwa daktari. Yeye anaweza kubadili dozi, saa au aina ya dawa, au kupanga mapumziko wakati wa likizo. Usikate dozi mwenyewe, na vidonge vya Concerta visivunjwe wala kutafunwa. Mwombe pia amtazame meno na kumpima minyoo, kwani navyo huweza kumkosesha mtoto hamu ya kula.