Kuiruhusu programu iendeshe Mac kwa mbali

Anayekusaidia kwa mbali anaona picha ya mandharinyuma tu, madirisha hayaoni? Programu mnayotumia kuendesha Mac kwa mbali haijaruhusiwa kurekodi skrini. Fungua "System Settings", ingia "Privacy & Security", shuka hadi "Screen Recording"; matoleo mapya huandika "Screen & System Audio Recording". Washa swichi ya programu hiyo, weka nywila ya msimamizi, kisha ifunge kabisa kwa Command na Q na uifungue upya. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa.

Anaona kila kitu ila kipanya hakimtii? Rudi ukurasa uleule wa faragha, ingia "Accessibility" na uwashe swichi ya programu hiyo pia. Swichi ikiwa imewashwa na bado inagoma, hasa baada ya sasisho, iondoe programu kwenye orodha kwa alama ya kutoa, uirudishe kwa ya kujumlisha.