Kabla hujaamini karatasi ya troponini

Kifua kikianza kubana, tazama saa na uandike. Usiseme "alfajiri alfajiri", andika saa na dakika. Usiendeshe gari mwenyewe. Nenda penye maabara ya dharura na mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya umeme wa moyo, na hiyo ECG ipigwe ndani ya dakika 10 tangu ufike. Ikionyesha mshipa wa moyo umeziba, matibabu hayangoji majibu ya troponini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia. Beba dawa unazotumia. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, maana troponini yake huweza kuwa juu siku zote. Anayemeza vitamini ya bayotini kwa ajili ya nywele na kucha aseme pia, kwani huvuruga baadhi ya vipimo.

Sasa hilo la saa, nisikilizeni vizuri. Baba mdogo alibanwa kifua saa 11 alfajiri, jasho likamtoka hadi shati likamganda mgongoni. Tukawahi. Kabla ya saa 12 damu ilishatolewa, majibu yakaja: kawaida. Akaambiwa ni asidi ya tumbo, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Ile karatasi aliikunja mara nne akaitia mfukoni. Mchana alianguka mlangoni mwa choo, na safari hii kipimo kilikuwa juu mno. Alipona, lakini sehemu ya moyo ilishakufa. Leo akipanda ngazi tatu anashika ukuta.

Troponini ni protini ya ndani ya msuli wa moyo. Msuli ukiumia ndipo inavujia kwenye damu, na huchukua saa 2 au 3 kuonekana, kwa vipimo vya zamani hata 6. Sisi tulipima mapema, tukaondoka mapema. Kwa hiyo msitoke kabla ya kuuliza: "Daktari, kipimo cha pili ni saa ngapi?" Vipimo vipya hurudiwa baada ya saa 1 hadi 3. Kinachotafutwa ni namba inavyopanda au kushuka, basi kirudiwe kwenye maabara ileile, na someni kizio kilichoandikwa kando ya namba: ng/mL 1 ni sawa na ng/L 1000.

Kama shida ni pumzi kukata na miguu kuvimba, ulizieni BNP au NT-proBNP, vipimo vya damu vinavyoonyesha moyo ukielemewa. Kwa mtu mnene sana hutoka chini kuliko hali ilivyo.

Maumivu yakirudi, rudini, hata kama majibu ya kwanza yalikuwa safi. Na wazee na wenye kisukari muwaangalie kwa jicho la pekee, wengine hawasikii maumivu kabisa, ni uchovu tu na kichefuchefu.