Kabla ya masika, toa kwanza sumu iliyokwisha muda

Mimi nauza pembejeo Moshi mjini. Kila Februari, kabla mzigo wa masika haujaingia, napanga siku moja ya kutoa viuatilifu vilivyopitwa na muda. Ukianza bila maandalizi, siku hiyo utaumia.

Anza na lebo. Kopo lisilo na lebo ni fumbo, hata mtaalamu hawezi kukuambia liteketezwe vipi. Siku moja nilikuta nyuma ya rafu chupa ya juisi ya embe, nusu imejaa kitu cheupe kama maziwa. Kijana wa dukani akasema, "Bosi, mzee mmoja alirudisha, alisema imebaki." Dawa gani? Hajui. Chupa ile imenisumbua kuliko katoni nzima. Siku hizi dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji siipokei, na lebo ikianza kubanduka naandika jina, tarehe na namba ya toleo kwa kalamu isiyofutika.

Halafu vidonge vya kufukizia mahindi, vile vya aluminiamu fosfaidi. Hivi visikutane na maji. Hata unyevu wa hewa huvifanya vitoe fosfini, gesi inayoua na isiyo na dawa ya kuizima mwilini. Kwa hiyo kabla ya kupiga deki, hakikisha makopo yake yamefungwa, yako juu ya chaga, mbali na paa linalovuja. Harufu kama ya kitunguu saumu ikikupata, toka wewe na wateja, usisubiri kujiridhisha. Na usilale kwenye chumba cha stoo, tabia ambayo walinzi wetu wanayo mvua ikinyesha.

Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu, chepe na glavu za mpira. Dawa ikimwagika, mwagia mchanga, ikishanyonywa zoa uweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukisafisha kwa maji, unaipeleka mtaroni, na mitaro yetu huishia kwenye mito na mifereji ya watu wa tambarare. Mrututu, ile dawa ya shaba tunayouza kwa ajili ya kahawa, ni sumu kali kwa samaki.

Kuchoma uani, hapana. Moto wa takataka haufiki nyuzi 1,100 zinazotakiwa, ila moshi unafika kwa jirani. Makopo matupu ya dawa za majimaji suuza mara tatu, yatoboe kitako, maana dumu zuri hapa halikai: kesho lina pombe ya mbege.

Mwisho, andika orodha: jina, kiasi, tarehe ya kuisha. Ipeleke Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake yako Arusha, wakuelekeze pa kuteketezea. Fanya hivyo mapema, kwa sababu huenda mabaki yakakaa kwako wiki kadhaa yakisubiri, na ndoo zake lazima ziwe na mahali penye kufuli.