Jinsi ya kuomba nafasi ya chuo cha ufundi Mombasa, kwa mama anayelea peke yake

Vyuo vya ufundi huchukua wanafunzi wapya Januari, Mei na Septemba. Wengi wanaokosa nafasi hukosa kwa sababu karatasi zao hazikuwa tayari, au walianzia pasipofaa. Mwongozo huu ni wako wewe mama unayelea watoto peke yako, uwe Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu, Nyali au Mvita, na unataka kazi ya mkono itakayokulipia kodi na karo bila kumpigia mtu magoti. Fuata mpangilio huu. Ukikimbilia basari, yaani msaada wa karo, kabla ya kuwa na barua ya chuo, utazungushwa bure.

Kwanza, mtoto atabaki na nani?

Swali hili huja kabla ya kozi. Wakuu wa vyuo huhesabu mahudhurio, na anayekosa darasa mara kwa mara huweza kuzuiwa kufanya mtihani. Basi zungumza mapema na mama yako, shangazi au jirani unayemwamini, na mkubaliane waziwazi siku, saa na cha kumpa. Mtoto aliyefikisha umri wa chekechea mtafutie shule ya umma iliyo karibu na atakayemchukua mchana, si iliyo karibu na chuo. Ukiwa Likoni na chuo kiko kisiwani, feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini foleni ya asubuhi huwezi kuijua mapema. Uliza masomo huanza saa ngapi kabla hujajaza fomu.

Kozi

Wengi huchagua ususi au ushonaji kwa kuwa ndizo walizoziona. Ni kazi nzuri. Mji wa madera, mabuibui na kanzu haukosi kazi ya cherehani, hasa Idi ikikaribia. Lakini nakusihi uulizie pia umeme wa majumba, mabomba, na ukarabati wa friji na AC. Joto la hapa halipungui, mafundi wa kike katika kazi hizo bado ni wachache, na mwanamke aliye peke yake nyumbani hupata utulivu akimfungulia mlango fundi mwanamke mwenzake. Ukichagua mapishi ili uingie hotelini, jua kwamba mwajiri atakudai cheti cha afya cha wanaoshika chakula, na hicho hufanywa upya kila baada ya miezi sita.

Chuo

Kwa aliyeishia darasa la nane, mlango mwepesi ni vyuo vya ufundi vya kaunti, vile ambavyo watu bado huviita politekniki za vijana. Viko chini ya serikali ya kaunti na karo yake ni ya chini kuliko mahali pengi. Nenda mwenyewe, uombe fomu ofisini.

Kwa mwenye cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hata kama alama ni za chini, kuna taasisi za serikali kuu, ikiwemo Kenya Coast National Polytechnic hapa hapa Mombasa. Maombi hupitia mtandao wa KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, na si lazima uwe umemaliza kidato cha nne mwaka jana.

Na kama tayari unasuka au unashona kwa miaka, huenda huna haja ya kuanza upya. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mtihani wa ufundi kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza, na kituo chao kipo Mombasa. Unatahiniwa kwa kile mikono yako inachojua.

Popote utakapokwenda, usilipe hata shilingi kabla ya kuuliza mambo mawili: chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi? Na mtihani wa mwisho unatoka wapi? Jibu liwe NITA, KNEC (baraza la mitihani la taifa) au TVET CDACC (baraza la kutahini mafunzo ya ufundi). Ukiambiwa "tunatoa cheti chetu wenyewe", shukuru, uondoke. Karo nayo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kamwe si kwa simu ya mtu.

Karatasi

Tayarisha kitambulisho, cheti chako cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha za pasipoti na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Toa nakala kadhaa. Kitambulisho kikipotea, anza polisi upate abstrakti, yaani karatasi ya kuthibitisha kimepotea, kisha nenda Huduma Centre pale GPO (posta kuu), Digo Road. Cheti cha mtihani kilichopotea huombwa kwa KNEC mtandaoni. Anza hilo mapema.

Barua ya chifu ndiyo itakayokufaa zaidi, na ndiyo wengi huichukua ikiwa na mistari miwili isiyosema kitu. Pitia kwanza kwa mzee wa mtaa anayekujua, kisha umwombe chifu aandike hali yako ilivyo, kwa mfano: "Mwenye barua hii ni mkaazi wa eneo langu. Analea watoto watatu peke yake, hana kipato cha kudumu isipokuwa vibarua vya kufua, na ameomba nafasi ya kusomea ufundi wa umeme." Hakikisha ina tarehe, sahihi na muhuri.

Basari

Ukishapata barua ya kukubaliwa, sasa nenda ofisi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, na ofisi ya basari ya kaunti. Fomu hutaka namba yako ya usajili na akaunti ya chuo, kwa kuwa pesa hulipwa chuoni moja kwa moja. Kwenye sehemu ya baba au mwenzi, usiache wazi. Mjane aambatishe cheti cha kifo. Aliyeachwa, au ambaye hakuolewa, aandike hivyo hivyo: "Nalea peke yangu, sipati matunzo." Hilo si jambo la kuonea haya, na kamati haiwezi kulijua usipoliandika. Aliyeingia taasisi ya serikali kuu aombe pia mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi.

Kama baba wa watoto yu hai na amejificha, kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Mwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Anaweza kumwita mkaandikiana makubaliano ya matunzo, na hata kiasi kidogo kila mwezi huweza kukulipia nauli ya darasani.

Ukiwa bado chuoni

Fundi umeme atahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, kabla ya kuunganisha nyumba za watu, basi muulize mwalimu masharti yake mapema. Na jiunge na wanafunzi wenzako wanawake katika kikundi (chama), mkisajilishe ofisi ya maendeleo ya jamii na kukifungulia akaunti ya benki. Hazina ya Women Enterprise Fund hukopesha vikundi vya wanawake, na kikundi kilicho na cheti cha usajili na rekodi za benki huomba mkopo wa mashine au vifaa bila kuanza tena kukimbizana na karatasi.