Ubao una kiu: vile mi huandaa mbao na kupaka rangi ya kuchapa picha

Watu huniuliza mbona picha zao, zile za kuchonga kwa ubao, kupaka rangi na kuchapa kwa karatasi, zinatoka na madoadoa kama mtoto ana surua na wamenunua rangi ya bei, na kabla sijajibu mi huuliza ubao uliandaliwa aje. Hapo mtu ananyamaza. Mara nyingi rangi haina makosa. Ubao ni kitu chenye kiu, na kama hukuamua mapema utaunywesha nini basi utakunywa rangi yako yote na karatasi iachiwe makombo.

Tuanze na mbao yenyewe. Usikimbie kununua mpya, mi zangu natoa Kibuye hapa Kisumu kwa mafundi wa fanicha, vile vipande vinavyobaki wakimaliza kitanda ama kabati, unaongea na fundi polepole anakuachia kwa pesa ya soda na kama hana haraka anakupigia randa palepale. Ukipata jacaranda chukua, ni laini, nyuzi zake zimetulia, patasi inapita bila kugombana. Saiprasi pia ni sawa ila chunga mafundo, yale macho meusi magumu, patasi ikifika hapo inaruka na hata rangi haishiki vile inashika kwingine. Mvule achana nayo hata ukipewa ya bure. Najua huku kwetu western mvule ni mti wa heshima, lakini nyuzi zake zimesukana zinaenda huku na huku, vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na ndani huwa kunaweza kuwa na vijiwe vya chokaa ambavyo mti umejitengenezea wenyewe, mi niligonga kimoja na patasi mpya kabisa ikatoka na pengo kama mtoto wa gredi wani. Wajapani wenye hii kazi walitumia cheri ya mlimani juu ni ngumu na nyuzi zake zimeshikana, laini, yaani mstari, nyembamba kama unywele inasimama haivunjiki. Wewe na saiprasi yako chonga laini nene kidogo, utashukuru baadaye.

Plaiwudi ni nzuri ya kuanzia lakini kagua uso wake, kama umejaa nyufa na viraka rudisha, na zile kingo zipake gundi ya mbao pande zote nne, ukikosa hivyo maji yataingia katikati ya zile leya na ubao ufunguke kama chapati ya leya.

Sasa msasa. Anza na namba 120, kisha 240, malizia na 400, na kila saa fuata nyuzi, usizunguke zunguke. Ukishamaliza unadhani umemaliza, hapana. Chukua kitambaa chenye unyevu kidogo upanguse ubao wote, uuwache ukauke, halafu upitishe vidole. Utasikia umekuwa na vinywele kama kidevu cha jana. Hizo ni nyuzi zilikuwa zimelala na msasa, maji yamezisimamisha, na kama hungezisimamisha saa hii zingesimama siku ya kuchapa zikutoboe rangi. Piga 400 tena kidogo, rudia hata mara mbili. Hii hatua ndo watu wanaruka na ndo hapo surua inatokea.

Halafu uamue: unatumia rangi ya maji ama wino wa mafuta? Hapa hakuna katikati. Kama ni wino wa mafuta, funga kiu ya ubao kabla ya kuchapa, pitisha vanishi iliyozimuliwa na thina, koti moja nyembamba, ikauke, msasa wa 400 juu yake, basi. Wino utakaa juu na kusafisha kutakuwa rahisi. Kama ni rangi ya maji usithubutu kupaka vanishi, ubao unatakiwa kunywa, ila ushibe maji kwanza ndo usinywe rangi. Rangi ya maji kwa ubao wa vanishi inajikunja kama matone ya mvua kwa gari iliyopigwa polishi.

Na ukilowesha ubao, lowesha pande zote mbili. Mi nililowesha juu peke yake nikauanika kwa mabati saa saba mchana, mnajua jua la Kisumu, kurudi nikakuta umejikunja kama mtumbwi, kazi ya wiki mbili imeisha. Upande mmoja ukikauka haraka kuliko mwingine mbao inavutwa. Kausha kivulini, ukiwa umesimama wima ili hewa ipite kote.

Kuchonga sitakaa sana. Kumbuka tu picha inatoka imegeuka, kushoto inakuwa kulia. Mara ya kwanza niliandika KISUMU nikaona U, M, U na I ziko sawa nikajipongeza, kumbe hizo herufi zikigeuzwa hazibadiliki, K na S ndo zilinianika, karatasi ikasoma UMUSIK na hizo mbili zinaangalia nyuma. Chora kwa karatasi nyembamba, uigeuze, ndo uhamishe kwa kaboni. Patasi ielekeze nje ya laini, mteremko kama wa tuta la barabara, usichimbe chini ya laini itakosa msingi. Mkono ule mwingine ukae nyuma ya patasi saa zote, sio mbele, tafadhali.

Ukitaka rangi tatu unahitaji nyuso tatu, kila moja na rangi yake, unaweza kutumia hata mgongo wa ubao. Ili zilingane chonga alama mbili palepale kwa ubao nje ya picha, moja ya kona kama herufi L na nyingine mstari mfupi kwa ukingo huohuo, karatasi inakaa hapo kila mara. Wajapani wanaziita kento. Chapa kwanza ule ubao wenye laini nyeusi za mchoro kwa karatasi nyembamba pamoja na hizo alama, gandisha kwa ubao wa rangi, chonga ukifuata. Njia hii huwezi kupotea.

Rangi sasa. Za dukani za maji ziko sawa, lakini mi napenda oksaidi, ile poda nyekundu ya kupaka sakafu, unapata hadiwea yoyote. Ni kutu ya chuma, haipauki na jua. Ichunge kwa kitambaa, vaa maski, isage na maji kidogo juu ya kioo mpaka ukiisugua kwa vidole husikii mchanga. Nyeusi natoa kwa masizi ya koroboi, ila masizi yana mafuta yanakataa maji, yanaelea tu juu yakikuangalia, kwa hivyo yaloweshe kwanza na spiriti kidogo, yakikubali ndo uongeze maji.

Na gundi, yaani uji. Nunua mchele wa Ahero, saga, kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vinane vya maji, koroga kwa moto mdogo mpaka uwe mzito na unang'aa. Usiweke sukari bana, kuna mtu aliweka, sitasema ni nani lakini siafu walikuja kabla ya mimi kuchapa. Uji huu kwa hili joto unachacha baada ya siku mbili, pika kidogo kidogo.

Karatasi ilale na unyevu usiku mzima. Lowesha moja na brashi, acha moja kavu, moja ya maji, moja kavu, funga zote kwa karatasi ya nailoni, weka kitabu kizito juu. Asubuhi zinakuwa baridi na laini kama sikio lakini hazidondoshi maji. Usizikalishe siku nne, zitaota ukungu.

Anza mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijakolea. Mchana rangi inakauka kwa ubao kabla hujashika karatasi, na kama ni lazima mchana basi funga dirisha, upepo wa ziwa ndo adui zaidi ya jua. Panguza ubao na kitambaa cha maji, ngoja dakika tano, panguza tena. Weka rangi kwa brashi, matone matatu manne, halafu tone moja la uji pembeni, la ukubwa wa punje ya mahindi. Sugua kwa kuzunguka mpaka rangi na uji vioane, kisha malizia na mapito marefu mepesi ukifuata nyuzi. Sasa inama uangalie ubao kwa upande, dhidi ya mwanga. Unataka mng'ao wa ngozi iliyopakwa mafuta kidogo, kote sawasawa. Ukiona vidimbwi, rangi ni nyingi. Ukiona sehemu imefifia haing'ai, hapo pamekauka, rudia.

Shusha karatasi kwenye alama, weka karatasi nyingine kavu juu, sugua na mgongo wa mwiko. Mwiko wa ugali uliozeeka ndo bora, umesuguliwa na miaka mpaka umekuwa laini, ila nunua wako, mama alinitafutia huo wake siku nzima na nilijua uko wapi nikanyamaza. Bonyeza kwa uzito wa bega sio wa kidole.

Picha tano za kwanza usizihesabu, ubao bado unakunywa. Madoa meupe meupe kama simsim yakiendelea baada ya hapo, ongeza uji ama maji. Ukingo wa rangi ukiwa mweusi kuliko katikati, maji yamezidi. Mistari ya brashi ikionekana, uji umezidi ama brashi ni ngumu. Na anza na rangi nyepesi, nyeusi iende mwisho.

Mtu wa wino wa mafuta kazi yake ni fupi zaidi: sambaza kwa kioo na rola mpaka usikie sauti ndogo kama vitunguu vikigusa mafuta moto, ikipiga kelele ya kunata ni nene, kisha pitisha kwa ubao leya nyembamba tatu badala ya moja nene.

Kitu cha kujaribu ukizoea: anga ya ufuo wa Dunga jioni, ile inayotoka rangi ya machungwa mpaka inapotea. Lowesha nusu ya ubao na kitambaa, weka rangi upande ule mwingine peke yake, kisha vuta brashi kutoka kwa rangi kwenda kwa maji bila kurudi. Rangi inafifia yenyewe. Ndo ile anga ya buluu unaona kwa picha za wale wachoraji Wajapani, Hokusai na Hiroshige, na hao hawakuwa wanapaka wenyewe, kulikuwa na mchongaji na mchapaji kando. Sisi tunafanya zote.

Ama ukiwa mvivu wa kuchonga mbao tatu, fanya kama mchoraji Edvard Munch wa Norwei, yeye alikata ubao mmoja vipande na msumeno, akapaka kila kipande rangi yake, akaunganisha tena kama pazo na kuchapa mara moja. Nilipelekea fundi wa Kibuye ubao wenye picha ya mtu na boti nikamwambia akate na jigso, akaniangalia. "Omera, si ungekuja kabla ya kuichonga?" Lakini alikata, dakika tatu, na ile laini nyeupe ya msumeno kati ya boti na maji ndo watu husifu.

Ukimaliza, ubao wa maji upanguse na kitambaa chenye unyevu, usiuloweke kwa beseni. Wa mafuta upanguse na mafuta ya kupikia kisha sabuni kidogo. Usimamishe kivulini, uweke gazeti kati ya ubao na ubao, na uandike nyuma ni rangi gani ulitumia.