Mtoto Akikuomba Kumi kwenye Foleni ya Nairobi: Ufanye Nini

"Anko, saidia kumi." Kilio hiki hakikosekani kwenye makutano ya barabara ya Globe, Museum Hill wala Nyayo magari yanapojazana jioni. Wengine hutoa sarafu, wengine hupandisha kioo. Mtoto anabaki pale pale.

Kabla ya kufungua mdomo, mwangalie vizuri, kwa sababu watoto wanaoomba si kundi moja. Yupo anayelala nje. Huyu huwa na wenzake, nguo zimeganda uchafu, na chupa ya gamu, gundi ya kunusa, ameing'ata kwa meno. Yupo anayetoka nyumbani Mathare au Mukuru na kurudi jioni na alichopata. Mara nyingi ana viatu, pengine hata sweta ya shule. Na yupo anayefanyishwa kazi. Wa tatu huyu mtazame akishapewa: pesa hazikai mfukoni, anavuka upesi kumpelekea mtu mzima aliyeketi ukingoni, kisha anarudi mikono mitupu. Mtoto mwenye ulemavu anayeshushwa alfajiri na kuja kuchukuliwa usiku, ripoti siku hiyo hiyo. Mwaka 2022 waandishi wa habari walifichua watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania wakaja kuombeshwa Nairobi, na tangu 2010 Kenya ina sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu.

Pesa usimpe. Hata kumi. Anayefanyishwa kazi atanyang'anywa, anayenusa atanunua gamu, na anayetumwa na mzazi atatumwa tena kesho kwa kuwa leo kimelipa. Kama moyo unakuuma, mpe chakula kilichofunguliwa: toboa pakiti ya maziwa, kata chapati vipande, umwone akila. Unga wa kilo mbili au pakiti nzima ya nepi aghalabu hurudishwa dukani kwa pesa kabla taa haijawaka kijani mara ya pili.

Ukiongea naye, muwe kando ya barabara, si katikati ya magari. Maswali mawili yanatosha: "Jana ulilala wapi?" na "Nani anakungoja?" Ukianza na "Mbona huko shuleni?" atakupa jibu alilozoea kuwapa watu. Aliyenusa utamjua kwa macho mekundu, ulimi mzito na kuyumba. Usimpokonye chupa, maana anaweza kukurupuka hadi mbele ya matatu. Usimwahidi chochote, na usimpeleke nyumbani kwako hata kama nia yako ni safi. Picha yake pia usiirushe mtandaoni.

Sasa piga 116, nambari ya msaada kwa watoto. Ni bure, na inapokea simu mchana na usiku. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Mtu husema "kuna mtoto Globe," na Globe ni mzunguko mkubwa wenye barabara kadhaa. Sema upande gani, magari yanaelekea wapi, karibu na steji au duka lipi. Toa makadirio ya umri, jinsia, nguo, alama yoyote mwilini, yuko na nani. Muhimu kuliko yote ni saa zake. Mtoto anayefuata foleni ya saa kumi hadi saa moja jioni hatapatikana na afisa atakayekuja saa nne asubuhi, na hapo ripoti itaishia kwa "hakuonekana". Ukipita njia hiyo kila siku, tazama kwa siku mbili tatu, useme anafika saa ngapi na anaondoka kuelekea wapi.

Akiwa hatarini papo hapo, yaani anapigwa, anavuja damu au amepotea, usingoje. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, omba dawati la jinsia na watoto, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila nambari hiyo huna pa kuanzia ukija kuuliza tena. Kukiwa na dalili za kunajisiwa, hospitali kwanza, kabla hajaoga na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazianzishwi baada ya hapo. Na afisa yeyote akimwita mtoto mhalifu, mkumbushe Sheria ya Watoto ya 2022: mtoto anayeombaomba ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi.

Kanjo, yaani askari wa kaunti, usiwaite. Msako husafisha barabara kwa siku chache tu. Hesabu ya kitaifa ya 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani, Nairobi ikiongoza kaunti zote, ilhali misako imekuwepo miaka nenda miaka rudi.

Ukigundua ni mtoto wa kutumwa na ana mzazi, msaada ulio na maana uko mtaani kwao. Shule za msingi za umma za Nairobi zina mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo. Mia moja unayoigawa dirishani ni milo 20. Ongea na mwalimu mkuu au chifu, na usimkabidhi mzazi pesa taslimu.

Ukipenda kuchangia makao ya watoto, omba uone cheti cha usajili, kisha uulize watoto wangapi walirudishwa kwa jamaa zao mwaka uliopita. Makao yasiyo na jibu, au yanayojisifu kwamba watoto hawaondoki, yaepuke.

Wiki ikiisha, pita tena saa zile zile. Ukimkuta bado yupo, piga tena, utaje tarehe ya simu ya kwanza na jina la aliyekupokea, kisha peleka ripoti hiyo kwa maandishi kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.