Banda la Mbao au la Plastiki: Jinsi ya Kuamua Kabla ya Kuwaingiza Kuku

Anayetaka kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya banda, ilhali swali linalostahili kutangulia ni nani atakayelisafisha, mara ngapi, na kwa muda gani. Kuku hustawi katika banda la mbao na hustawi pia katika la plastiki. Kinachotofautiana ni kazi ambayo kila banda humdai mwenyewe, na anayenunua banda lisiloendana na muda alio nao hujikuta ameliacha chafu kabla mwaka haujaisha.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo inatokana na utitiri mwekundu, ambao wataalamu huuita Dermanyssus gallinae. Tofauti na chawa, mdudu huyu hakai mwilini mwa kuku. Mchana hujificha kwenye nyufa na maungio ya banda, usiku hutoka kunyonya damu ya kuku aliyelala, na kabla hakujapambazuka huwa amekwisha kurudi mafichoni. Hazidi milimita 1 kwa urefu, lakini kukiwa na joto anaweza kutoka kwenye hatua ya yai hadi kuwa mzima kwa muda wa wiki moja hivi, na huweza kuishi miezi kadhaa bila kula chochote. Kwa sababu hiyo, banda lililokaa tupu kwa wiki tatu au nne haliwezi kuhesabiwa kuwa limesafika. Kuku wanaoshambuliwa huwa na vilemba vilivyopauka, hupunguza kutaga, na jioni husitasita mlangoni badala ya kuingia kulala.

Katika banda la mbao, kila mahali ambapo ubao umekutana na ubao ni maficho ya utitiri. Banda la plastiki lina maungio machache na kuta laini, kwa hiyo unaweza kulifungua vipande, ukalipiga maji ya mpira na brashi asubuhi, likawa limekauka kabla kuku hawajarudi kulala. Hata hivyo, asikudanganye mtu kwamba plastiki haiingii utitiri. Hukaa chini ya ukingo wa paa, kwenye ncha za fito za kulalia, na hata ndani ya ukuta wa tabaka mbili ukishapasuka. Faida ya plastiki ni kwamba maficho yenyewe ni machache na unayajua yalipo.

Ukienda kutazama banda lililokwisha kutumika, usianzie kwenye rangi wala bawaba. Chomoa ufito wa kulalia na uchunguze ncha yake, pale ilipokuwa imepachikwa ukutani. Ukiona vumbi la kijivu na jeupe lililoganda kama majivu ya sigara, futa hapo kwa karatasi nyeupe huku ukikandamiza. Michirizi ya rangi ya damu ikibaki kwenye karatasi, umekwisha kupata jibu. Na kama ufito umepigiliwa misumari usiweze kuchomoka, mwambie muuzaji aufungue kwanza. Banda langu la kwanza lilikuwa na fito za namna hiyo, nami nilisugua kuta na sakafu kwa miezi mingi nisielewe kwa nini kuku wanazidi kudhoofu, kumbe utitiri ulikuwa umejazana kwenye ncha mbili ambazo brashi haikuzifikia hata siku moja.

Suala la pili ni hewa na joto, na hapa mbao ndiyo yenye nguvu. Ubao wenye unene wa milimita 18 au zaidi huchelewa kupata moto na hufyonza sehemu ya unyevu unaotoka katika pumzi na kinyesi cha kuku. Plastiki haifyonzi chochote. Matundu ya hewa yakiwa haba, mvuke huganda chini ya paa, ukadondoka juu ya kuku na kulowesha maranda yaliyotandikwa sakafuni, na maranda yaliyolowa pamoja na kinyesi ndiyo yanayotoa amonia, gesi kali inayowasha macho. Mwili wa kuku una joto la kama nyuzi 41 za Selsiasi naye hatoi jasho, bali hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, njia ambayo haimsaidii sana hewa inapokuwa nzito na yenye unyevu. Matundu yawe juu ya vichwa vya kuku wakiwa kwenye fito, ili hewa ipite bila kuwapuliza moja kwa moja. Banda la mbao likikosa hewa utaongeza matundu kwa msumeno na wavu, lakini la plastiki linunuliwe likiwa tayari na matundu ya kutosha, kwa sababu kulitoboa baadaye huweza kulipasua. Kipimo rahisi ni kuinama alfajiri, mlango ukiwa bado haujafunguka sana, na kuvuta pumzi kwenye usawa wa fito: macho yakiwasha, kuku wamelala usiku kucha katika hali hiyo.

Ukichagua mbao, jihadhari na mchwa na bungua, usimamishe nguzo juu ya mawe au zege, na upake rangi au dawa isiyodhuru wanyama, kisha usubiri hadi harufu yote iishe. Oili chafu na kreosoti, yaani dawa ya mbao itokanayo na lami, zisitumike, hata kama fundi atasisitiza. Paa lisiwe la karatasi ya lami, kwani utitiri huzaliana chini yake na hakuna dawa itakayoufikia. Ukichagua plastiki, tafuta yenye kuta nene za tabaka mbili na iliyotengenezwa kustahimili jua. Ile iliyopauka na kuacha unga mweupe kidoleni iko karibu kupasuka, na ufa wa plastiki hauzibiki kwa nyundo na msumari. Liweke kivulini na ulifunge chini, maana ni jepesi na upepo hulibeba.

Vipimo havibadiliki kwa sababu ya malighafi. Kila kuku anahitaji sentimita 20 hadi 25 za ufito, na ufito wenyewe uwe na upana wa sentimita 4 hadi 5 na kingo zilizolainishwa. Wa plastiki huteleza, kwa hiyo ubadilishe kwa wa mbao unaochomoka. Kiota kimoja kinatosha kuku watatu au wanne.

Kwa hukumu yangu, anayejua useremala na anayeishi penye joto kali hana sababu ya kuikimbia mbao. Aliyekwisha kusumbuliwa na utitiri, au asiye na zaidi ya nusu saa kwa wiki, alipe zaidi achukue plastiki. Siku ya kuhama, kuku watibiwe kwanza kwa dawa waliyoandikiwa na daktari wa mifugo, maranda ya zamani yachomwe, na fito na masanduku ya kutagia ya banda la zamani yabaki hukohuko.